Bakuli la Maua ya Buluu

Jumanne, 6 Januari. Kismayu

Siku ya nne. Chai ya maziwa ya ngamia, anjera mbili, bajaji hadi ofisi ya vibali. Bwana wa vibali hajafika. Nikakaa kwenye benchi lile lile, chini ya feni ile ile isiyozunguka. Saa tano akaja, akaniuliza kama jana: unaenda Chula kufanya nini? Nikamwonyesha fomu. Penye sababu ya safari nimeandika: kutembelea mambo ya kale na kuona mandhari ya visiwani. Akacheka mpaka akavua miwani. Akawaita wenzake waje wamwone mtalii.

Sikudanganya. Magofu nitayaona na fukwe nitazipiga picha. Ila sikuandika yote. Niyaandike hapa, maana daftari hili halinicheki.

Nina bakuli ndani ya begi. La kaure, jeupe, maua ya buluu ukingoni, ufa mmoja mwembamba. Nimelizungushia leso mbili za mama. Ni la marehemu baba. Mama alitoka nalo Chula mwaka wa tisini na moja, vita vilipofika visiwani, mimi nina miaka tisa. Hakutoka na kitu kingine ila sisi watoto na nguo za mwilini. Baba alibaki kulinda jahazi alilokuwa akiliunda. Alisema atatufuata. Homa ikamchukua huko huko. Habari zilitufikia kambini mwaka mzima baadaye, na sheikh akamwambia mama eda yake imeshapita, hana tena siku za kukaa. Hilo lingali limemkaa kooni.

Sasa ana miaka themanini na moyo unamdunda ovyo. Daktari amempa vidonge, mimi akanipa jicho. Mwezi uliopita mama akaniita chumbani, akanikabidhi bakuli. Niende Chula, nilitafute kaburi la baba, nilijengee bakuli kichwani pake kama walivyofanya watu wa kale. Akasema ndilo jambo pekee alilobakiza duniani.

Basi. Mimi Zuhura, mshonaji sare za shule, Mbajuni, wa kabila la mabaharia, ninayetapika hata kwenye feri ya Likoni, niko Kismayu nangoja boti. Mungu ana mzaha.

Jumatano, 7 Januari

Kibali bado. Bwana yule kafiwa na shangazi. Nimemsamehe, lakini kwa shida.

Nikaamua kuwa mtalii kweli. Nimetembea tangu bandarini mpaka ufukweni. Mchanga mweupe unaumiza macho. Mikokoteni ya punda inauza maji, wachukuzi wanaburuta jodari wakubwa kuliko mimi, na ngamia watatu wanapita kando ya bahari bila haraka, wenye mji wao. Nikanunua halua na tende. Kisomali changu cha kambini kimeota kutu. Muuzaji alinisikitikia akaniongezea kipande.

Sokoni nilinung'unika peke yangu kwa Kibajuni kuhusu jua. Mwanamke anayepara samaki akainua kichwa. "Mchu wa kwechu huyu!" Akanipa kichwa cha changu bure na kunikatalia asante. Nimekuwa na furaha tangu saa ile. Furaha ya kipuuzi, ya kichwa cha samaki.

Alhamisi, 8 Januari

Kibali ninacho! Mihuri miwili, sahihi tatu. Bwana wa vibali ameniomba nimletee picha za magofu. Hajawahi kufika, na ni masafa ya boti tu.

Nikampigia mama. Neno lake la kwanza: bakuli li salama? Nikamuuliza, na mimi je? Akasema, wewe una mdomo, ungekuwa mgonjwa ungesema.

Ijumaa, 9 Januari

Leo hakuna anayesafiri. Nimefua, nimesali, nimelala mchana. Nimenunua tangawizi na peremende za kuzuia kutapika, pakiti nne. Naogopa bahari. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 10 Januari. Chula

Nimefika. Alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Boti ya faiba, mashine mbili, watu kumi na mmoja, magunia ya unga, mbuzi mmoja. Nilianza kutapika kabla hatujaacha bandari. Mbuzi hakutapika. Nahodha aliniuliza kabila langu, nikamwambia, akamtazama mbuzi kisha akanitazama mimi. Bakuli nililipakata safari nzima. Hata kichwa kikiwa nje ya boti, mkono ulikuwa juu ya begi.

Baada ya saa mbili bahari ikatulia, nami nikaweza kuinua macho. Visiwa vimelala chini chini. Miamba imeliwa na maji kwa chini, juu imetokeza kama ukingo wa kofia. Maji yanageuka rangi kila dakika. Nimeishi miaka thelathini na kitu nikisimuliwa haya na mama, nikidhani anatia chumvi. Hakutia.

Ufukweni wakanizunguka. Wewe nani? Binti nani? Nikasema: wa Athmani Kombo, fundi wa vyombo. Mama mmoja akanishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye jua. "Pua hiyo! Athmani huyo!" Kila mtu akataka kuiona pua. Nikaionyesha. Nimefika kwetu, nimekaguliwa pua kama mbuzi wa Idi.

Niko kwa Lali, mtoto wa ami yangu. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa na miaka kumi na moja na alinitia kaa mgongoni. Sasa ndevu zimekuwa nyeupe. Nilimkumbusha kaa. Akakana. Mkewe, Mwanakheri, anazungumza pasipo kupumua na anapika wali wa nazi wa kumfanya mtu amsahau mumewe. Mimi sina mume, nikasahau kutapika. Sahani tatu.

Nilidhani nitalia nikikanyaga mchanga. Sikulia. Nilisinzia.

Jumapili, 11 Januari

Siku ya utalii. Lali ameniongoza, na panga la kukatia vichaka. Amejipa cheo cha mkuu wa mambo ya kale.

Magofu yako nje ya mji, upande wa kusini. Msikiti wa mawe ya matumbawe, paa limekwenda, kibla kimesimama. Nakshi za ukingo wake bado kali, unaweza kuzifuata kwa kidole. Kisima kikavu. Kuta za nyumba zenye vidaka, na mijusi ndiyo wenye nyumba. Kisha makaburi ya wakubwa wa zamani, moja lina nguzo ndefu kunizidi mara mbili. Kwenye uso wa kaburi kuna vishimo vya mviringo, vimepangwa safu. Kila kishimo kilikuwa na bakuli la kaure kutoka Uchina. Nimehesabu vishimo kumi na vinne. Mabakuli: hakuna hata moja. Kimebaki kigae kimoja cha kijani, ukubwa wa ukucha.

Nani aliyabandua? Lali akasema: kila mtu. Wageni waliyachukua, wenyeji wakayachukua, watoto wakayalenga mawe. Alisema kwa upole, nikajua yeye mwenyewe alilenga.

Nikaingiza kiganja ndani ya kishimo kimoja. Kilikuwa baridi, juani. Likanijia wazo: na la baba je, litakaa siku ngapi? Nikaliondoa. Nimekuja kutimiza, sikuja kufikiri.

Pale juu bahari inaonekana pande mbili. Tulikula mihogo ya kuchoma na pilipili. Nimepiga picha sitini na mbili, nyingine za bwana wa vibali. Sijawahi kuwa na siku nzuri hivi tangu sijui lini. Najiona mwizi, kufurahi hivi katika safari ya kaburi.

Jumatatu, 12 Januari

Nimemwona baba.

Lali anajua kaburi, alikuwepo siku ya kuzika. Kwa kawaida wanawake hawaingii makaburini hapa, lakini alizungumza na imamu, imamu akasema niende asubuhi, nisipige kelele. Sikupiga. Mchanga, majani makavu, mashahidi mawili, mawe ya kichwani na miguuni, la miguuni limelala. Hakuna jina. Nilidhani nitakuwa na mengi ya kusema. Nilisema, baba, ni Zuhura, nimekua. Hapo ndipo nikalia, mpaka Lali akaenda kusimama mbali.

Ajabu, baada ya kulia nilihisi njaa na raha.

Suala la bakuli: Lali hapendi. Anasema siku hizi watu hawajengei vitu makaburini, na imamu amekunja uso ila hakukataza. Nikamwambia mama yangu ana miaka themanini, na moyo wake ndio huo, wewe na imamu mje Mombasa mkamwambie. Fundi Shee, mwashi, ameshaloweka chokaa. Anasema itakuwa tayari keshokutwa.

Nikampigia mama kutoka kwenye jiwe lililo nyuma ya msikiti, pahali pekee simu inaposhika. Nikamwambia nimeona kaburi. Akasema: lijengwe vizuri, lisitikisike.

Jumanne, 13 Januari

Sina raha. Nimemkosea mtu mzima mbele za watu.

Wiki ijayo kuna harusi hapa mtaani. Leo wanawake walipita nyumba hadi nyumba kukusanya vyombo: masinia, vikombe, mabakuli. Kila nyumba ina alama yake chini ya chombo, rangi au mkwaruzo, ili harusi ikiisha kila kitu kirudi kwao. Mwanakheri alikuwa ameosha vyake na kuvianika uani. Nami nilikuwa nimeliosha bakuli la baba lianikwe, liwe safi kwa fundi. Nililiweka kando ya vyake. Kosa langu.

Akaingia bibi mmoja, mfupi, mkavu, macho makali. Bi Esha. Ni bibi yake bibi harusi, kaja kutoka kisiwani Kudhaa kwa ajili ya shughuli. Kazi yake kuvipindua vyombo kutazama alama. Akalipindua bakuli. Akapitisha kidole kwenye kitako. Chini pana mapengo matatu madogo, yamekatwa kwa tupa. Nimeyajua maisha yangu yote, nilidhani ni ya uzee. Akasema, hivi hivi, kama mtu anayetaja saa: "Hili langu."

Nikasema ni la babangu. Akanitazama pua, wameshamwambia. Akasema: "Athmani alikuwa akila kwenye sinia na mafundi wenzake, mikono imejaa lami. Bakuli la kaure la nini? Kwani yeye sultani?"

Wanawake wakacheka. Damu ikanipanda. Nikamnyang'anya bakuli mkononi. Nikamwambia hili limevuka bahari na watu waliokufa nyuma yake, na asiniletee wizi uzeeni. Nilimwambia hivyo. Mtu wa umri wa mama. Yeye akaendelea kupindua vikombe.

Mwanakheri hajazungumza na mimi tangu adhuhuri. Mwanakheri, kunyamaza!

Bakuli liko chini ya mto wangu. Naona haya. Na bado nina hasira.

Jumatano, 14 Januari

Amekuja mwenyewe asubuhi, kabla sijaenda kumwomba radhi. Amebeba kitu ndani ya kitambaa na ungo wa mchele wa kuchagua. Akakaa, akafungua kitambaa. Bakuli. Jeupe, maua ya buluu ukingoni. Akaniomba langu. Nikaleta. Akayapindua yote mawili, kando kwa kando. Mapengo matatu, mapengo matatu. Mkono mmoja, tupa moja.

Yalikuwa saba, ya harusi yake. Mumewe, Famau, alikuwa fundi wa vyombo pamoja na baba. Yeye ndiye aliyatia alama, yasipotee shughulini. Hili moja alilokuja nalo lilikuwa limebaki Kudhaa kwa dada yake.

Alisimulia huku akichagua mawe kwenye mchele. Nyumba yao ilipakana na yetu. Asubuhi ile ya kukimbia alisikia mama anatoka na watoto bila kupika. Alikuwa na mchuzi wa papa jikoni, umeiva, na mikate ya mofa ya jana. Akautia ndani ya bakuli, akaufunika sahani, akampa binti yake auvushe uani. Mama akaupokea akiwa mlangoni, akaenda nao pwani. Angefanya nini, asimame aoshe chombo?

Bi Esha na Famau walipanda boti iliyofuata. Ikapinduka. Famau hakutoka majini. Yeye na binti waliokotwa na wavuvi wakapelekwa Kudhaa, na huko amekaa, akaolewa tena, akazeeka. Hakulia. Aliona jiwe, akalitupa, akaendelea.

Nami nimekumbuka. Wallahi nimekumbuka. Kwenye boti, mama akichovya mofa, akinitia kinywani. Nazi na ukwaju. Miaka yote nilidhani ni baba aliyetupa chakula kile.

Nikamshika mikono nikamwomba radhi. Akasema hakulidai. Alisema tu kuwa ni lake, kwa sababu ni lake.

Sasa nafanyaje? Chokaa ya fundi Shee iko tayari. Nikilijenga kaburini, namzika baba na mali ya jirani. Nisipolijenga, nimwambie mama kwamba miaka yote hii amekumbatia bakuli la watu akidhani la mumewe? Moyo wake hautastahimili. Nimemwambia fundi angoje kesho. Akafoka kwamba chokaa haingojei watu. Na mimi nikafoka. Naogopa kuliko nilivyoogopa bahari.

Alhamisi, 15 Januari

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi nilikwenda kwenye jiwe la simu. Nilikuwa nimejipanga kusema uongo: limejengwa, mama, limekaa vizuri. Nimeurudia uongo huo njia nzima. Akapokea, akauliza, limejengwa? Nikafungua mdomo, ukweli ukatoka. Nikasema kuna bibi hapa anasema ni lake. Bi Esha, mke wa Famau.

Kimya. Nikadhani simu imekatika. Kisha nikadhani ni moyo. Nikaita mama, mama, mpaka kunguru wakaruka.

Akasema: "Esha yu hai?"

Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Mara tatu. Kisha nikamsikia analia, na sijawahi kumsikia mama akilia, hata habari ya baba aliilia ndani ya mto.

Alijua. Tangu siku ya kwanza alijua ni la Esha. Kambini yalisomwa majina ya waliozama, na la Esha lilikuwemo. Akabaki na chombo cha mtu, mwenyewe kafa, hana mrithi anayemjua, hana hata kaburi la kusimama akaomba msamaha. Ndiyo akatuambia watoto ni la baba, tusilivunje na tusiulize. Kila mwaka alikuwa akimsomea Esha khitma. Na sasa anazeeka, aliona asife nalo kabatini. Lirudi Chula, likae kichwani pa Athmani, Athmani amfikishie.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema: "Ningekuambia nakutuma baharini kwa bakuli la jirani, ungekwenda?"

Nisingekwenda. Nilikasirika kidogo. Kisha nikacheka peke yangu juu ya jiwe, machozi yananitoka, na mtu aliyepita akaniamkia kwa wasiwasi.

Nikakimbia kumwita Bi Esha. Nimemshika mkono njia nzima, hajui simu ya kiganjani inashikwa upande gani. Walisalimiana kwa majina ya utotoni. Wakalia. Bi Esha akaambiwa habari ya khitma, akapiga kofi la paja: amesomewa akiwa hai miaka thelathini, ndiyo maana hapatwi na magonjwa! Haukupita muda wakaanza kubishana. Mama anasema ule mchuzi ulikuwa na bilingani. Bi Esha anasema hajatia bilingani kwenye papa tangu azaliwe. Betri ikaisha, hawajaafikiana.

Hawakutaja kaburi wala kujenga. Hata mara moja.

Ijumaa, 16 Januari

Baada ya sala, Lali, fundi Shee, Bi Esha na mimi tulikwenda kwa baba. Chokaa haikupotea: shahidi la miguuni limesimamishwa, limekaa imara. Nikatikisa, halitikisiki. Tumesoma Yasini. Nimempa baba habari yote kimya kimya, na kumwomba amwambie Famau.

Bakuli sikulichukua. Lilikaa nyumbani.

Jumamosi, 17 Januari

Kumrudishia mtu bakuli lake tupu, haiwezekani. Hata mimi wa Mombasa najua. Mama angenifufukia kabla hajafa. Lakini mgeni ana nini cha kutia? Nikapekua begi. Halua ya Kismayu, tende nusu, peremende za kutapika. Nikazipanga zote, halua katikati, nikafunika kwa leso ya mama, nikampelekea Bi Esha mbele ya wanawake wale wale waliosikia nikimwita mwizi. Nikasema kwa sauti: mama yangu amekurudishia chombo chako, anaomba radhi kwa kuchelewa.

Akafunua. Akaonja halua. Akaonja peremende, akaitema, wote wakacheka na mimi pia.

Nimemaliza, nikajisemea. Jambo pekee alilobakiza mama duniani, limekwisha. Sikulipenda neno lile, limekwisha.

Jumapili, 18 Januari. Kismayu

Asubuhi boti iko tayari, mbuzi hamna safari hii. Bi Esha akaja ufukweni, kajifunga leso ya mama. Amebeba bakuli. Limejaa papa mkavu na mofa, limefungwa kwa kitambaa mafundo manne. Akaniwekea mapajani. Nikasema, Bi Esha, ni lako, nimekurudishia jana. Akasema amelipokea na tende amekula. Hiki ni chakula chake, ndani ya chombo chake, kwenda kwa jirani yake. Mama akila, alirudishe.

Akaongeza: "Na asikae nalo tena miaka thelathini. Mimi si kijana."

Nilitapika mara mbili tu.

Jumatatu, 19 Januari

Bwana wa vibali ameziona picha zote sitini na mbili. Anataka kwenda na mkewe. Uwanja wa ndege askari alifungua begi, akafungua kitambaa, harufu ya papa ikamkumbatia, akafunga haraka akaniambia safari njema.

Jumatano, 21 Januari. Mombasa

Mama amekula. Mwenyewe, bila kubembelezwa. Alichoma papa kipande, akachovya mofa kwenye chai, akasema Esha bado anatia chumvi nyingi. Kisha akasimama, akaosha bakuli kwa mikono yake, akalifuta kwa upindo wa leso, akalipindua juu ya meza, mapengo matatu yakatazama juu.

Vidonge vyake amemeza bila kelele.

Kuanzia jana maswali hayaishi. Esha siku hizi ana meno? Kashata ataweza? Achari je, itafika bila kumwagika? Safari ijayo ni lini, na nahodha huyo anaaminika? Leo kamtuma jirani sokoni amletee nazi nne na iliki. Nikamwambia bado mapema, kashata zitaharibika. Akasema anajaribu tu mkono.

Nimekaa dirishani na sare arobaini za kushona kabla ya Ijumaa. Harufu ya iliki imejaa nyumba. Nimefungua ukurasa wa mwezi wa tatu, baada ya Idi, nikaandika: Chula. Chini yake: tangawizi, pakiti nane.